Saa za Marangu, mlima wa Tromsø

Picha ya kwanza niliyomtumia mama kutoka Tromsø ilikuwa ya mlima. Niliipiga nikiwa darajani, bahari chini yangu, na mbele ule mlima wenye kituo cha gari la waya begani. Mama akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hicho ni kilima. Mlima wenyewe uko nyuma yake?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi ni watu wa Marangu, miguuni mwa Kilimanjaro. Ukifungua mlango asubuhi na mawingu yakakubali, Kibo hiyo hapo, mita 5895, na theluji yake. Mlima wa Tromsø unaitwa Fløya, na kilele chake kiko mita 671 tu juu ya bahari. Migomba ya mama imeota juu karibu mara mbili ya hapo. Nilikuja Norway kusoma, nikabaki kufanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, nikiwa na uhakika kwamba katika mambo yote ya huku nitakayohitaji kufundishwa, mlima haumo.

Mahali penyewe pakoje? Tromsø ipo karibu kilomita 350 kaskazini ya mstari wa Aktiki. Sehemu kubwa ya mji imekaa kisiwani, na daraja la mita 1036, lililofunguliwa mwaka 1960, linakuvusha hadi bara, kwenye mtaa wa Tromsdalen, kwenye lile kanisa jeupe la pembetatu linaloitwa Ishavskatedralen. Nyuma ya nyumba za mtaa huo mlima unaanza papo hapo. Hakuna geti, hakuna daftari la kusaini, hakuna ada. Unashuka kwenye basi, unapita katikati ya nyumba za watu, na tayari uko mlimani. Tangu mwaka 1961 lipo gari la waya linalokupandisha kwa dakika nne hadi Storsteinen, mita 421. Mabehewa yake mawili yanaitwa Sili na Dubu kwa Kinorwei, kwa kuwa waliolijenga walikuwa wenye meli, watu wa safari za bahari ya barafu. Asiyetaka gari anapanda Sherpatrappa, ngazi za mawe zaidi ya 1200 zilizopangwa na mafundi wa Kisherpa kutoka Nepal.

Kitu ambacho mama hakukiona kwenye picha, na mimi sikukiona nikiwa nimesimama mbele yake, ni miti. Kilimanjaro ukifika kibanda cha Mandara, mita 2720, ndipo msitu unaanza kukuaga. Tromsø miti inakwisha ukiwa umepanda mita mia chache tu, na yenyewe ni myembamba, imepinda, gome jeupe. Ukitoka hapo ni mawe, majani mafupi, upepo wa bahari. Yaani ukiwa Fløya uko katika nchi ambayo nyumbani ningetembea siku mbili kuifikia, nami nilikuwa naifikia baada ya kazi, na raba miguuni.

Kazini ndiko nilikoanza kuuelewa uzito wa mlima kwa watu wa huku. Jumatatu wenzangu wa zamu wanaulizana swali moja: wikiendi ulienda "tur"? Neno hilo ni matembezi, lakini linabeba zaidi. Ni kwenda nje, kupanda, kukaa juu ya jiwe, kunywa kahawa ya chupa, kurudi. Daktari anaenda, fundi bomba anaenda, mama mwenye mtoto mgongoni anaenda. Sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu ruhusa ya kutembea porini na mlimani, hata kama ardhi ina mwenyewe, mradi asiharibu. Tulikuwa na bibi mmoja wa miaka tisini na kitu, kumbukumbu zimemtoka, majina ya wanawe hayapo tena. Lakini kila asubuhi nikimfungulia pazia ananiuliza: "Tinden imevaa kofia leo?" Alikuwa anauliza kama kuna wingu juu ya Tromsdalstinden, mlima mkubwa wa mita 1238 ulio nyuma ya Fløya. Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini huku, wanauita Sálašoaivi, nao kwao ni mlima mtakatifu. Mji ulipotaka kuandaa Olimpiki za majira ya baridi na kuteremshia mashindano ya skii huko, walisimama wakakataa. Nilipoyasikia hayo niliwakumbuka wazee wetu waliokuwa wakiomba wameelekeza uso Kibo. Na swali la yule bibi, hata bibi yangu mzaa baba alikuwa akiliuliza, kila asubuhi, kwa Kichagga.

Lakini kwenda mlimani kupunga upepo, hilo kwetu sikuwahi kuliona. Nyumbani mlima ulikuwa kazi. Baba mdogo alianza kuupanda akiwa kijana, mpagazi, mzigo wa wageni kilo 20 kichwani. Baadaye akawa mwongozaji msaidizi, wale wanaotoka kibanda cha Kibo saa sita usiku pamoja na wageni, tochi kichwani, ili kuche wakiwa karibu na kilele. Sisi watoto, hasa wasichana, mlima tuliujua kwa mgongo wake. Akirudi anakaa kwenye kigoda, shangazi anamkanda kwa maji ya moto na chumvi, naye hasemi neno mpaka amekula. Kisha anatoa pesa. Ada yangu ya sekondari ilitoka huko juu. Ndiyo maana mwaka 2019, Serikali ilipoanza kuzungumzia wazo la gari la waya Kilimanjaro na wapagazi wakalipinga, nyumbani hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Gari la waya halihitaji mabega.

Basi nikaanza kupanda, mwezi Agosti, pamoja na wenzangu wa kazini, kipindi cha matunda madogo ya porini: yale meusi, yale ya buluu, na multe, la rangi ya chungwa, ambalo watu huficha mahali lilipoota hata kwa ndugu zao. Nilipanda mara nne, mara tano, nikazoea, nikaanza kwenda peke yangu. Tarehe za mwanzo wa Oktoba nilikuwa juu ya Fløya jua likizama, na lilizama saa kumi na mbili na robo hivi jioni. Nikatazama saa nikafurahi kama mtoto. Muda ule ule wa Marangu. Nilishuka mwanga ukiwa bado upo, nikiwa na furaha ya mtu aliyekuta jirani wa kwao ugenini.

Ninyi mnaosoma Kiswahili mtanielewa hapa kuliko wenyeji wangu. Saa zetu tunazihesabu kwa jua. Likichomoza tunaanza moja, likizama tunaanza moja tena. Na nyumbani jioni inasogea nusu saa tu, mwaka mzima ukijumlisha. Hata kuku hawashughuliki. Kwa hiyo "saa kumi na mbili giza" kwangu haikuwa habari ya kutafuta. Ilikuwa mwilini, kama njaa ya mchana. Sikujua kwamba Tromsø, mwezi Oktoba, mchana unakatwa karibu saa nzima kila wiki, nusu asubuhi na nusu jioni.

Wiki tatu baadaye nilimaliza zamu saa tisa alasiri, nikavuka daraja, na saa kumi kasoro robo nilikuwa kwenye ngazi ya kwanza. Nilivaa jinzi, fulana ya pamba, koti, raba. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka usiku, kidogo, kama unga uliopepetwa vibaya. Ngazi za chini zilikuwa na maji, za katikati zikaanza kuteleza, za juu zimevaa kioo. Nilizipanda nikishika mawe ya pembeni, nikifika Storsteinen jasho limenilowesha mgongo mzima. Kwenye mgahawa wa kituo taa zilikuwa zimewashwa, watu ndani wanakunywa kitu cha moto. Nikajiambia: jua linazama saa kumi na mbili na ushee, nina muda wa kwenda kileleni na kurudi. Sikuangalia popote. Nilikuwa najua.

Kutoka Storsteinen hadi Fløya si mbali. Ni mgongo wa mlima unaopanda taratibu, mawe na nyasi, na katika siku ya kawaida unaona mji wote, kisiwa cha Kvaløya ng'ambo, meli zikiingia. Siku ile nilikuwa katikati ya njia mwanga ulipoanza kuwa wa rangi ya majivu. Nikadhani ni wingu. Kweli wingu lilikuwepo, likija kutoka baharini, lakini nyuma yake jua lilikuwa limeshazama. Nikaendelea. Nilifika kwenye lundo la mawe la kileleni, nikajipiga picha, na picha hiyo ninayo mpaka leo: inaonyesha koti langu, uso wangu, na nyuma hakuna kitu chochote duniani, weupe mtupu.

Nilipogeuka, nyayo zangu hazikuwepo. Theluji laini ilikuwa inapita ubavuni na upepo, imezijaza. Nikatoa simu iwe tochi na ramani. Ilikuwa kwenye mfuko wa nje wa koti, imeganda, ikaonyesha asilimia arobaini halafu ikazima mkononi mwangu. Lile jasho la kupandia ngazi lilikuwa bado kwenye fulana ya pamba, na sasa likawa kitambaa cha maji ya baridi kilichonibana mgongoni. Nilianza kutetemeka kuanzia kwenye taya.

Nikatembea kuelekea nilikodhani ni chini. Sijui ni dakika ngapi. Nikasogeza mguu, jiwe likatoka chini ya raba, likaondoka, na sikulisikia likitua.

Nikakaa chini palepale. Sikurudi nyuma, sikusimama, nilikaa tu na kushika majani kwa mikono miwili, majani mafupi yenye barafu. Niliomba kwa Kichagga, lugha ambayo sikuwa nimeiombea tangu bibi alipofariki.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa taa ya kijani ikitembea chini chini, karibu na ardhi. Nilidhani akili imeanza kuniacha. Ilikuwa mbwa, huku giza likianza mbwa wanavalishwa taa shingoni. Nyuma yake ikaja tochi ya kichwani, na chini ya tochi hiyo mama mmoja wa miaka kama sitini na tano, anapumua vizuri kabisa, yuko kwenye mazoezi yake ya jioni. Hakunifokea. Alinishika mkono akanisogeza hatua kadhaa kutoka pale nilipokaa, akafungua begi, akatoa sweta ya sufu, akaniambia nivue fulana. Katika upepo ule. Nikavua. Akanivalisha sweta kama ninavyowavalisha wazee wangu kazini, mkono mmoja, kichwa, mkono wa pili. Akanipa kikombe cha juisi ya moto ya matunda meusi, akapiga magoti kwenye theluji akanivika brodder kwenye raba, ule mpira wenye vijino vya chuma, alizokuwa nazo za akiba. Ndipo akauliza swali moja: "Nani anajua kwamba uko hapa?"

Hakuna aliyejua. Nilimjibu hivyo, akatingisha kichwa polepole, tukaanza kutembea. Njia ilikuwa hatua zisizofika thelathini kutoka pale nilipokuwa. Tulishuka hadi Storsteinen, tukapanda gari la waya, mbwa kati ya miguu yetu, na mji ukajitokeza chini ya wingu wote kwa pamoja, na taa zake. Nililia ndani ya behewa mbele ya wageni wenye kamera. Sweta alikataa kuipokea. Ninaivaa.

Ilinichukua siku mbili kumpigia baba mdogo. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza yote bila kupunguza. Alinyamaza kwa muda nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza: "Ulikuwa na tochi?" Sikuwa nayo. "Ulimwambia nani?" Hakuna, baba. "Saa yako ya kugeuka ilikuwa saa ngapi?"

Swali hilo la tatu sikulielewa. Akanieleza kwa utulivu, kama anavyoeleza wageni. Kila safari ya kilele ina saa ya kugeuka, na inapangwa chini, ukiwa umeshiba na akili yako iko sawa. Ikifika, unageuka, hata kama kilele unakiona kwa macho, kwa sababu ukiwa juu kichwa hakikupi ushauri mzuri. Akanisimulia mgeni mmoja aliyeumwa kichwa tangu usiku, akawa anatapika, na walipofika Gilman's, kwenye ukingo wa juu, mita 5685, akakataa kabisa kushuka kwa kuwa kilele chenyewe, Uhuru, kilikuwa kimebaki kidogo. Alianguka baada ya hatua chache. Baba mdogo na mwenzake walimshika makwapani wakamteremsha kwenye ule mchanga wa kokoto hadi kibanda cha Kibo, wakikimbia. Alipona. Aliondoka bila kusema asante, pengine kwa aibu. "Mlima unaua watu wenye haraka ya kuonekana wamefika," alisema, "mdogo, mkubwa, yote sawa."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Yote hayo yalikuwepo nyumbani kwetu, kwenye kile kigoda, miaka yote ya utoto wangu. Nilikuwa namsubiri amalize kula ili anipe ada. Sikuwahi kumuuliza huko juu anafanyaje asife.

Na kazini pia yalikuwepo. Kwenye chumba chetu cha chai, kati ya ratiba ya zamu na tangazo la moto, kilikuwa kimebandikwa karatasi ya kanuni tisa za mlimani ambayo nimeipita kila siku nikienda kuchota kahawa. Zilienezwa sana baada ya Pasaka ya mwaka 1967, ambapo watu 18 walikufa katika milima ya Norway kwa likizo moja. Ya kwanza inasema panga safari na uwaambie wengine unakwenda wapi. Ya nne: jiandae kwa hali mbaya na baridi, hata kwa safari fupi. Ya nane: geuka mapema, si aibu kugeuka. Nilisimama mbele ya karatasi ile na kikombe changu, nikazisikia zote kwa sauti ya baba mdogo.

Majira ya baridi nilikuwa mwanafunzi wa kweli. Mwishoni mwa Novemba jua linaondoka na halirudi hadi Januari. Si kwamba ni giza la saa zote. Mchana unakuja mwanga wa buluu kwa saa chache, mzuri hadi unauma, kisha unafungwa. Bahari haigandi, kwa kuwa mkondo wa joto wa Atlantiki unafika hadi huku, na baridi yenyewe mara nyingi ni nyuzi chache tu chini ya sifuri. Theluji ndiyo nyingi. Aprili 1997 walipima sentimita 240 mjini. Wenzangu walinifundisha kunywa mafuta ya ini la samaki katika kila mwezi wenye herufi r, nami nikawaambia kwamba kwa Kiswahili Machi haina r, wala Septemba hadi Desemba hazina, basi ningepata nafuu miezi mitano, hawakukubali. Nilipata tochi ya kichwani, brodder zangu mwenyewe, nguo za ndani za sufu. Pamba haijapanda tena mlimani na mimi. Na kwenye jokofu nilibandika karatasi ya saa za jua, kila Jumapili naandika ya wiki hiyo kwa mkono, na pembeni saa ya kugeuka.

Theluji nayo ina elimu yake, na hapo niliona jinsi nilivyokuwa mtoto mchanga. Upepo unaihamisha kutoka upande mmoja wa mlima na kuilundika upande mwingine, inakaa kama bamba juu ya tabaka dhaifu. Kwenye mteremko unaozidi nyuzi 30, uzito wa mtu mmoja unatosha bamba hilo kukatika na kuondoka naye. Kila siku hutolewa tahadhari ya maporomoko, kwa ngazi ya moja hadi tano, na watu huisoma kama sisi tunavyosoma mawingu ya masika. Sherpatrappa, rafiki yangu wa Agosti, majira hayo haifai kupandwa. Mwezi Machi nilikwenda Kvaløya na mwenzangu wa kazini, tumevaa viatu vipana vya theluji, mteremko wa upole kabisa. Tukiwa tunaongea nikasikia kishindo kizito chini ya miguu, kama mtu ameangusha gunia la mahindi chumba cha pili, na theluji yote tuliyosimama ikashuka sentimita moja. Mwenzangu alinyamaza katikati ya neno. Hakusema kitu, alinyoosha kidole tulikotoka. Tabaka la chini lilikuwa limeporomoka. Tuligeuka kwa kufuata nyayo zetu wenyewe, tumeachana mita nyingi, na hatukuongea mpaka tumefika kwenye gari. Kilele kilikuwa karibu, kinang'aa. Saa yangu ya kugeuka ilikuwa bado, lakini siku hiyo theluji ndiyo ilikuwa saa.

Tarehe 21 Januari mji unasherehekea kurudi kwa jua, kwa maandazi ya jemu. Mwaka ule nilimgeuza yule bibi na kiti chake kuelekea dirishani. Jua lilipochungulia kwa dakika chache, aliweka kiganja juu ya kioo kana kwamba analipapasa shavu. Aprili tulimzika.

Juni iliyofuata nilipanda na wenzangu wa lugha. Hapa wapo akina mama kutoka Kongo, waliofika kwa njia ya ukimbizi, Waswahili wa Uvira na Fizi, na tunasali pamoja. Wao mlima waliuona kila siku kutoka dirishani na hawakuwahi kuugusa. Niliwauliza kwa nini, na mmoja akaniambia: "Dada, kwetu mlima watu wanapandaka wakikimbia vita." Sikuwa na jibu. Niliwaza kama ni haki hata kuwaalika. Ni yeye mwenyewe aliyenipigia baada ya wiki mbili, akauliza tunaondoka saa ngapi na avae nini.

Tulikuwa watano. Kila mmoja alikuwa amemwambia mtu nyumbani, kila mmoja ana sufu ndani na kitenge juu, na tuliondoka saa mbili na nusu usiku, jua likiwa bado juu, kwa kuwa kuanzia Mei hadi Julai halizami. Ngazini tulipumzika mara nyingi. "Ngazi hizi zinaishaka wapi?" aliuliza yule mama, naye ndiye aliyekuwa mbele. Wanorwei waliotupita, ambao mjini hawasalimii mtu, walitusalimia wote. Storsteinen tulikaa juu ya mawe, tukala chapati na mayai, tukanywa chai ya tangawizi. Mama yule aliutazama mji, daraja, maji, kwa muda mrefu. Akavua viatu akaweka nyayo zake kwenye majani. "Leo nimepanda bila kukimbia," akasema, akacheka, akalia kidogo, akaomba chai nyingine.

Saa tano usiku nilimpigia baba mdogo kwa picha. Siku hizi analinda hoteli, usiku yuko macho. Marangu ilikuwa saa sita kamili. Nyuma yake giza, vyura, taa moja ya balbu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Huko mchana?"

"Usiku. Kwako ni saa sita, kwangu saa tano."

Niligeuza simu, nikamwonyesha jua likiwa juu ya bahari upande wa kaskazini. Alikaa kimya. Saa sita usiku, kwake, ndiyo saa ya kutoka Kibo: kufunga kamba za viatu kwa vidole vilivyokufa ganzi, kuhesabu tochi za wageni gizani. Alinong'ona jina la Mungu. Kisha akauliza saa yetu ya kugeuka, nikamwambia saa sita kasoro, akaridhika.

"Hebu nionyeshe njia mliyopandia," akasema.

Nikashuka ngazi chache nikaishusha simu karibu na mawe. Mawe makubwa, ya kijivu, yamekatwa na kupangwa moja baada ya jingine hadi kwenye miti, hadi yanapotelea chini. Nikamweleza kwamba mengi yaliletwa kwa helikopta, lakini kila moja lilisukumwa na kukalishwa mahali pake kwa mikono ya watu kutoka Nepal, watu wa milima kama yeye. Aliniambia nisogeze simu taratibu. Nikasogeza, ngazi moja, ya pili, ya tatu. Aliyatazama mawe yale kuliko alivyolitazama jua.

"Hawa watu," akasema, "wamebeba."